Heshima ya Wanaozuia



Mwezi wa Novemba 2025, huko Rabat, beki wa kulia wa Morocco, Achraf Hakimi, alitangazwa kuwa mchezaji bora wa Afrika wa mwaka. Hapa Lubumbashi habari hiyo iliamsha jina la zamani. Ili kumpata beki mwingine aliyewahi kupewa heshima hiyo, iliwapasa wenye kumbukumbu kurudi nyuma miaka 52, hadi 1973, kwa Bwanga Tshimen, libero wa TP Mazembe. Kati ya hao wawili orodha imejaa watu wa mbele na wa kati: Milla, Weah, Abedi Pele, Eto'o, Drogba, Salah. Walinda mlango walipenya mara tatu, Thomas N'Kono mwaka 1979 na 1982, na Badou Zaki mwaka 1986. Beki, hakuna.

Basi, ama Afrika ilikaa zaidi ya nusu karne bila kuzaa beki aliye bora kuliko wote, ama macho ya watoa heshima yameelekea upande mmoja wa uwanja. Sisi twaamini hilo la pili. Lakini kuamini ni jambo jepesi. Kuhukumu kwa haki ndiko kugumu, nasi mwaka huu tumelazimika kuhukumu.

Tuanze na Bwanga mwenyewe, kwa kuwa ni wa kwetu. Alicheza nyuma ya mabeki wenzake, mahali pa mtu wa mwisho kabla ya mlinda mlango, na kazi yake ilikuwa kuusoma mchezo na kufika kabla ya hatari. Mwaka ule wa 1973 hata kombe la vilabu vya Afrika halikuja Lubumbashi. Lilichukuliwa na AS Vita Club ya Kinshasa. Hata hivyo waandishi waliopigia kura tuzo ya gazeti la Kifaransa France Football walimchagua yeye, mtu ambaye mabao yake hayakuwa na la kusema. Katika mwaka huohuo nchi yetu, iliyoitwa Zaire, ilipata nafasi ya kwenda Kombe la Dunia, ya kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara.

Itazameni timu hiyo ilivyopangwa. Langoni Kazadi Mwamba, kulia Mwepu Ilunga, kushoto Mwanza Mukombo, katikati Bwanga: wote wanne wa Mazembe. Katika safu ya nyuma ni Lobilo Boba peke yake aliyetoka Vita. Mbele walikuwapo Ndaye Mulamba, Kembo, Mayanga na Kakoko, watu wa vilabu vya Kinshasa. Kwa maneno mengine, Kinshasa ilitoa wafungaji, na Lubumbashi ikatoa ukuta. Mwezi wa Machi 1974, nchini Misri, timu hiyo ilitwaa Kombe la Afrika. Fainali ilichezwa dhidi ya Zambia, majirani zetu wa ng'ambo ya Kasumbalesa, ikaisha 2-2. Ikabidi irudiwe baada ya siku mbili, na Zaire ikashinda 2-0. Mabao yote manne alifunga Ndaye, na jumla yake ya mabao 9 katika mashindano hayo haijavunjwa na mtu hadi leo.

Hayo ya Ndaye vijana wengi mnayajua. Lakini tulipouliza katika kikundi chetu ni nani aliyewazuia Wazambia wasipate hata bao moja katika mchezo wa marudio, ilhali siku mbili kabla walikuwa wamepata mawili, kulikuwa kimya. Si kosa la vijana. Bao lina mwenyewe, lina dakika, na hutangazwa redioni. Bao ambalo halikuingia halina mwenyewe wala dakika. Mwaka 1968, huko Addis Ababa, Kalala wa Englebert, jina la Mazembe la wakati ule, alifunga bao lililoishinda Ghana na kutuletea Kombe la Afrika kwa mara ya kwanza. Matokeo yalikuwa 1-0. Bao moja hutosha pale tu ambapo nyuma hakuna kilichopita, lakini masimulizi humtaja Kalala na kunyamaza.

Sasa tueleze kwa nini jambo hili lilitugusa. Parokiani kwetu, kila likizo kubwa, vijana wa jumuiya mbalimbali hushindana kandanda katika vumbi la kiangazi. Kila baada ya miaka minne jina moja huandikwa kwa rangi ukutani mwa ukumbi, kwa heshima ya aliyewatumikia wenzake uwanjani kuliko wote. Majina yaliyopo ni manne: wafungaji watatu na mlinda mlango mmoja. Mwaka huu sisi saba tulipewa kazi ya kuchagua la tano. Mbele yetu kulikuwa na mshambuliaji mwenye mabao 31 katika misimu minne, na stopa mmoja, kijana mnyamavu wa Katuba, ambaye mwezi ujao anahamia Kolwezi kutafuta kazi migodini na huenda hatacheza nasi tena.

Kwa desturi, mambo yote ya mashindano huandikwa katika daftari linalotunzwa kwa uaminifu mkubwa na dada mmoja wa kikundi. Tulilifungua. Kwa mshambuliaji kulikuwa na mistari 31, kila mmoja na tarehe yake. Kwa stopa kulikuwa na mistari mitatu tu: kadi tatu za manjano. Misimu minne ya kazi, na alichoachiwa kwenye karatasi ni makosa yake peke yake. Dada yetu aliona tunavyotazamana, akasema, "Naandika kile mlichoniambia niandike." Alisema kweli. Daftari lilikuwa na safu ya mabao na safu ya kadi. Safu ya tatu haikuwahi kuchorwa.

Mmoja wetu, ambaye ana ndugu Marekani, alitukumbusha kwamba shida hii si ya Katuba wala ya kandanda peke yake. Katika mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mabega mapana, wako wanaume watano wanaosimama kwenye mstari mbele ya mrusha mpira. Kazi yao ni kuwazuia wapinzani wasimfikie, au kufungua njia kwa anayekimbia na mpira. Kwa kawaida sheria inawakataza hata kupokea mpira unaorushwa mbele. Hawafungi wala hawarushi, nao hutajwa kwa sauti pale tu mwamuzi anapotupa kitambaa cha manjano kwa sababu mmoja wao amemshika mpinzani isivyo halali. Hesabu yao, kama ya stopa wetu, kwa muda mrefu ilikuwa hesabu ya makosa. Hata wale wa upande wa pili, wanaomshambulia mrusha mpira na kumwangusha, maangusho yao yalianza kuwekwa rasmi katika hesabu za ligi mwaka 1982 tu.

Nchi hiyo ina Jumba la Heshima la mchezo huo huko Canton, katika jimbo la Ohio, lililofunguliwa mwaka 1963. Je, watu wa mstari wanastahili kuingia humo? Wengine husema jumba la heshima ni la walioupamba mchezo, na hakuna mtoto anayeomba anunuliwe jezi ya mtu wa mstari. Hoja hiyo si ya kuchekwa. Heshima ya watu wengi hutoka katika furaha ya watu wengi. Lakini Jumba lenyewe limekwisha kujibu. Deacon Jones, aliyewaangusha warusha mpira tangu 1961 hadi 1974, aliingizwa mwaka 1980, kabla maangusho hayajahesabiwa. Anthony Muñoz, mtu wa mstari wa Cincinnati kwa misimu 13, aliingizwa mwaka 1998, mara tu alipotimiza masharti ya kufikiriwa. Timu yake ilifika fainali kuu mara mbili na kushindwa zote mbili. Hakuwa na taji wala namba ya kuonyesha. Alikuwa na filamu za michezo yake, na ushuhuda wa watu waliopangwa kumpita wakashindwa.

Neno hilo, ushuhuda, ndilo lililotutoa gizani. Lakini kabla ya kulifuata, hatuwezi kupita bila kumtaja Mkongomani mwenzetu.

Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, aliyefariki tarehe 30 Septemba 2024, aliingizwa katika Jumba la Heshima la mpira wa kikapu mwaka 2015. Wastani wake wa pointi haukufikia 10 kwa mchezo. Aliheshimiwa kwa kuzuia. Katika misimu 18 alizima mitupo 3,289, na katika hesabu za ligi ile ni Hakeem Olajuwon wa Nigeria tu aliyemzidi. Mara nne alichaguliwa kuwa mzuiaji bora wa ligi. Kile kidole chake cha kukataza, alichokitikisa mbele ya uso wa kila aliyezimwa, kiliifanya kazi ya kuzuia ionekane hadi kwenye viti vya nyuma kabisa. Tunakipenda kidole hicho, nasi tunashuku kwamba kilimsaidia. Robert Kidiaba wetu naye alijua siri hiyo: mwezi wa Desemba 2010, Mazembe ilipoishinda Internacional ya Brazil 2-0 huko Abu Dhabi na kuwa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu, dunia ilijifunza jina la mlinda mlango aliyerukaruka chini kwa makalio. Kasusula na Kimwaki, waliocheza mbele yake, hawakuwa na ngoma ya kucheza.

Lakini katika habari ya Mutombo kuna jambo kubwa kuliko kidole. Ligi ile ilianza kuhesabu mitupo iliyozimwa katika msimu wa 1973-74. Bill Russell, aliyetwaa mataji 11 na Boston kwa ulinzi wake kuliko kwa kitu kingine, alistaafu mwaka 1969. Mitupo aliyoizima haimo katika daftari lolote la ligi. Ilikuwapo, watu waliiona, wapinzani waliihisi mikononi, kisha ikapotea kwa sababu hakuna aliyechora safu. Laiti Mutombo angezaliwa miaka 40 kabla, zile 3,289 zingekuwa sifuri kwenye karatasi, na yeye angekuwa mtu yuleyule.

Wazee wetu waliofanya kazi chini ya ardhi huko Kipushi wanaielewa habari hii upesi kuliko sisi. Tani za madini zilizotoka zilihesabiwa kila zamu. Mwamba ambao haukuanguka, kwa sababu mtu aliukagua na kuutegemeza, haukuandikwa popote. Mzee mmoja alituambia, "Wanangu, mtu huyo tulimjua kwa kuwa tulirudi nyumbani."

Basi tukaamua kuwauliza mashahidi. Hatukuwauliza marafiki wa stopa, maana rafiki husema yaliyo moyoni. Tuliwaendea washambuliaji wa jumuiya nyingine, wale waliocheza dhidi yake, mmoja mmoja, bila kuwaambia tunatafuta nini. Swali lilikuwa moja: katika misimu hii minne, ni beki gani ulitamani asiwepo? Watano kati ya tisa walimtaja yeye kabla hatujamaliza kuuliza. Mmoja, kijana mwepesi wa Kenya ambaye hapendi kumsifu mtu, alimgeukia mkubwa wetu akasema, "Papa, nikimwona upande wa kushoto, mimi nahamia kulia. Hata kocha alinikasirikia." Jibu hilo lilikuwa na uzito kuliko sifa kumi. Mpinzani aliyebadili njia kwa ajili yako amekupigia kura kwa miguu yake, naye hafanyi hivyo kwa hisani.

Tukauliza tena kwa wenzake wa timu, lakini si kama walimpenda. Tuliuliza walifanya nini uwanjani kwa sababu yeye yupo. Mabeki wa pembeni walisema walithubutu kupanda mbele. Na mshambuliaji mwenyewe, yule wa mabao 31, alikiri jambo lililotushangaza: mabao yake saba au manane yalianza kwa mpira mrefu wa stopa baada ya kumpokonya mtu. Katika daftari mipira hiyo ni yake peke yake. Alilisema bila kulazimishwa, huku akijua ni shindano la jina lake. Kwa hilo twamheshimu, na wakati wake utakuja. Bado ana umri wa miaka 20.

Msidhani kwamba tulimhurumia stopa. Huruma ni hakimu mbaya, na tuliona hatari yake waziwazi. Mara tu habari ilipoenea kwamba mwaka huu "wanaotafutwa ni mabeki", tulipelekewa jina la beki mwingine, mtu mwema, wa kwanza kufika mazoezini na wa mwisho kuondoka, anayebeba nyavu begani. Kila mtu anampenda, na sisi pia. Lakini wapinzani tisa hawakumtaja hata mmoja. Kazi isiyoonekana si lazima iwe kazi kubwa. Nyingine haionekani kwa sababu ni ndogo. Anayesema kwamba mabeki wote wanastahili ukutani kwa kuwa wamesahauliwa, huyo naye hajawatazama. Amebadilisha kutotazama kumoja kwa kutotazama kwingine.

Kadi tatu za manjano tulizijadili kwa dakika chache tu. Moja ilikuwa ya haki, moja ya kubishana na mwamuzi, na ya tatu alimvuta jezi mtu aliyekuwa akielekea langoni peke yake. Katika misimu minne, si nyingi. Tukapiga kura, watu sita dhidi ya mmoja, na jina likaandikwa Jumamosi iliyofuata kabla hajapanda basi la Kolwezi. Dada wa daftari alichora safu ya tatu. Bado hatujakubaliana iitweje.

Kura iliyotugawa kweli ilikuja baadaye, na haikuwa ya ukuta wetu. Kijana mmoja aliuliza: kama mji wa Lubumbashi ungekuwa na ukuta wake, je, Mwepu Ilunga mngemwandika?

Mnajua kisa chake, maana dunia nzima imekitazama. Tarehe 22 Juni 1974, mjini Gelsenkirchen, Zaire ikicheza na Brazil. Brazil wanapewa mpira wa adhabu, wachezaji wetu wamejipanga ukuta, na kabla Mbrazili hajaupiga, Mwepu anatoka mbio na kuupiga mpira mbali. Mwamuzi anampa kadi ya manjano. Watangazaji wa Ulaya walicheka, wakasema Waafrika hawajui sheria. Kwa miaka mingi picha hiyo ilirudiwa kama kichekesho, na beki aliyetwaa Kombe la Afrika miezi mitatu kabla akageuzwa kuwa mzaha wa sekunde kumi. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba sheria aliijua vizuri. Baada ya kufungwa 9-0 na Yugoslavia, watu wa Mobutu walikuwa wamewatishia wachezaji: wakifungwa na Brazil zaidi ya mabao matatu, wasirudi nyumbani. Mchezo uliisha 3-0. Mwepu alifariki Kinshasa mwezi wa Agosti 2014, na hata siku hiyo magazeti ya nje yalianza habari zake kwa mpira ule wa adhabu.

Wawili wetu walikataa kumwandika, na hoja yao haikuwa mpira wa adhabu. Ilikuwa mchezo wa Yugoslavia, ambapo mwamuzi alipigwa teke na kadi nyekundu akapewa Ndaye, ilhali aliyepiga teke alikuwa Mwepu. Mfungaji wa mabao 9 ya Misri alitoka uwanjani kwa kosa la beki wake. Hilo, walisema, ni zito, na wapinzani waliofunga mabao 9 siku ile hawawezi kuwa mashahidi wazuri wa ulinzi wetu.

Watano tulijibu kwamba teke lile ni kosa kweli, na liandikwe. Lakini kwa mabao 9 jibu letu lilikuwa jingine. Kocha alimtoa Kazadi langoni baada ya matatu, na wachezaji walikuwa wamejua kwamba fedha walizoahidiwa hazitawafikia. Siku moja ya timu iliyovunjika moyo haifuti miaka ya kuwazuia washambuliaji wa Afrika hadi nchi ikafika huko Ujerumani. Na siku nne baadaye watu walewale wa nyuma, Kazadi akiwa amerudi langoni, walisimama mbele ya Brazil, mabingwa wa dunia wa wakati ule, waliohitaji ushindi wa mabao matatu ili wasonge mbele badala ya Uskoti. Walipata matatu. La nne, ambalo lingekuwa na maana nyingine kabisa kwa watu wenye familia nyumbani, halikuingia.

Watano kwa wawili. Tungemwandika Bwanga juu, Mwanza Mukombo na Kazadi chini yake, kisha Mwepu, pamoja na mwaka 1974 na neno moja tu mbele ya jina lake: beki.